Kuku wangu alivyobaki mpweke Endebess, nikambeba mgongoni watu wakanicheka

Wakuu, mulembe. Vijana nao, niaje.

Mimi huku kwa jukwaa huwa nasoma tu na kunyamaza. Miaka yangu imevuka themanini na macho si yale, mjukuu ndiye alinikuzia maandishi kwa simu. Lakini juzi nimeona uzi wa kijana mmoja anauliza afanye nini, kuku wake wawili walikuwa wamezoeana, mmoja amechukuliwa na mwewe, huyu aliyebaki hali na anazunguka tu akilia.

Majibu yote yalikuwa supu. Ati chinja, ati weka dania, ati nitumie location.

Nilicheka, sitadanganya. Halafu usingizi ukanikataa. Hiyo shida ya huyo kijana mimi nimeipitia, tena wakati ambapo nilikuwa na stress mpaka nikadhani nitarudishwa kwetu. Nawapa ilivyokuwa, bila chumvi. Mwenye haraka na aende akasome za siasa.

Hii ni miaka ya hamsini, mzungu bado yuko.

Mimi ni mtu wa karibu na Kibabii, pale ambapo leo kuna chuo kikuu. Enzi hizo palikuwa ni mahindi, ng'ombe na njia ya kwenda kanisani. Niliolewa na Barasa, mtu wa Mabanga. Barasa alikuwa anakamua ng'ombe kwa shamba la mzungu upande wa Endebess, kwa hivyo baada ya arusi sikukaa Mabanga kwa wakwe hata kidogo. Nilipandishwa basi mpaka Kitale, kutoka hapo lori la maziwa, nikashushwa kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizoshikana mstari mmoja, na sanduku langu la mabati.

Na kuku wawili.

Hao kuku nilipewa na mama yangu mzazi. Walikuwa mitetea wawili walioanguliwa pamoja chini ya mama mmoja. Mmoja alikuwa mkubwa, mwenye madoadoa, nikamwita Kanga. Wa pili alikuwa mdogo wa rangi nyekundu, huyo nilimwita Mwekundu, sikujisumbua. Mama aliniambia wakianza kutaga huko, nijue na mimi nimefika.

Kanga ndiye alikuwa mkubwa wa hiyo nyumba, hata Barasa alijua. Yeye ndiye aliamua wanatoka saa ngapi, wanachakura wapi, mvua ikinyesha wanaingia chini ya nini. Mwekundu alikuwa wa kufuata. Sikuwahi kumwona huyo kuku akitangulia mahali popote. Jioni walilala kwa tenga moja karibu na jiko, Mwekundu kichwa chini ya bawa la mwenzake.

Sasa muelewe hali yangu. Laini yetu ilikuwa na watu wa kila aina, Wakikuyu, Waturkana, Wasabaot, na Wabukusu wengine lakini nyumba zao ziko mbali kule kwa matrekta. Kiswahili changu kilikuwa cha misheni, cha kuomba msamaha wa dhambi. Cha kuomba chumvi sikuwa nacho. Barasa anatoka ng'ombe hawajaamka, anarudi amechoka. Watu wa kuongea na mimi kwa lugha ya kwetu kutwa nzima walikuwa hao kuku wawili. Msicheke bana, ndio ukweli.

Basi akaja baba mkwe kututembelea.

Kwa wale si watu wa kwetu, niwaeleze kidogo. Mgeni wa maana kwa Mbukusu haondoki mikono mitupu. Anapewa kuku, mzima, aende naye nyumbani. Na kama mgeni ni baba mkwe, hapo hakuna mjadala. Tena mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana mpaka hawawezi kukaa karibu wala kushikana mkono. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya ukuta, nasikia tu.

Nikasikia Barasa anasema, mzee ataondoka na yule mkubwa wa madoadoa.

Ningesema nini? Ati baba asipewe? Bibi arusi mgeni, hata mwaka haujaisha? Nilimshika Kanga mwenyewe, nikamfunga miguu kwa kamba ya katani, nikampitisha kwa Barasa mlangoni. Mzee alifurahi sana, alishukuru mpaka akatuombea baraka. Nikatabasamu kwa ukuta.

Barasa aliniambia jioni hiyo, "Si mmoja amebaki? Mmoja anatosha."

Mwekundu alianza kulia siku hiyo hiyo. Si kile kilio cha kuku aliyetaga. Ni sauti ndefu inayopanda mwishoni, kama mtu anauliza. Alienda kwa njia ile mzee alipitia, akasimama, akaita, akarudi, akaenda tena. Jioni hakuingia kwa tenga. Nilimtoa kwa majani nikamweka ndani kwa mkono, akakaa amesimama.

Mahindi nikamwagia, akayaangalia tu. Nikampa kumbikumbi, na unajua kuku na kumbikumbi. Akageuza kichwa.

Na mimi nikawa hivyo hivyo. Ugali ulikuwa haushuki. Nilikuwa napika, naandalia Barasa, nakaa hapo namega kidogo, halafu kingine natupia kuku aone kama atakula. Barasa alikuwa anakula akiangalia sahani yake, mtu wa kazi huyo, simlaumu.

Sasa nikafanya kosa, na ni kosa ambalo hata leo naona watu wa kwetu wanalifanya.

Sisi kuku mgeni akiletwa nyumbani, unamzungusha mafiga, yale mawe matatu ya jiko, halafu unamfunga mguu hapo jikoni mpaka azoee moshi wa hiyo nyumba. Ukimfungua hatapotea tena. Nilivyomwona Mwekundu anaenda njiani kila wakati, nikasema huyu amesahau nyumba. Nikamzungusha mafiga upya. Nikamfunga.

Lakini huyo hakuwa amesahau nyumba. Alijua nyumba vizuri sana, ndiyo sababu aliona mtu amepungua.

Alivuta hiyo kamba mpaka mguu ukavimba. Akanyamaza. Nikadhani ametulia, kumbe amekata tamaa. Nilipomfungua na kumbeba alikuwa mwepesi kama kitambaa, kifua ni mfupa mtupu. Nililia hapo jikoni nikiwa nimemshika, nikamwomba msamaha kwa Kibukusu.

Hapo ndipo Barasa akaleta habari nyingine. Mama yake anakuja. Mahindi yakimaliza kuvunjwa, atakuja kutuangalia pamoja na ndugu yake, yaani mjomba wa Barasa. Na mjomba kwetu si mtu wa kuwekewa mboga. Mjomba ni kuku, na firigisi iwe juu ya sahani aione kwa macho.

Barasa akamwangalia Mwekundu, akasema bila ubaya wowote, "Huyu ndiye tutachinja. Hata hivyo anakufa, afadhali afe na faida."

Nikamuuliza, akianza kula na kutaga je? Akafikiria. Akasema kama atakuwa anataga, atatafuta jogoo wa kuchinja kwa watu. Lakini kuku anayekonda bure, hapana.

Basi nikajua kazi yangu. Kuvunja kulikuwa kumeanza, na sisi wanawake wa laini tulikuwa tumeandikwa kazi hiyo. Kabla mahindi hayajaisha shambani, huyu kuku awe amekuwa kuku tena. Kila asubuhi nilikuwa naangalia lile shamba, nikiona mabua yaliyosimama yamepungua.

Jirani yangu wa ukuta wa pili alikuwa Mama Karanja, Mkikuyu, mume wake ni seremala wa shamba. Hatukuwa tumezoeana, siku hizo za hali ya hatari watu walikuwa wanaogopana, kila mtu anachunga mdomo. Lakini alikuwa amesikia kile kilio, akaja mlangoni na kuku wake kwapani. Akasema kwa Kiswahili chake, kibovu kuliko changu, kwamba kuku ni kama mtu, mtafutie mwingine.

Tukamweka huyo mgeni ndani ya tenga na Mwekundu.

Wakuu, hiyo nayo msijaribu. Yule wa Mama Karanja alimrukia Mwekundu kabla sijatoa mkono. Damu kwa kilemba, manyoya hewani. Mwekundu hata hakupigana, alificha kichwa kwa pembe akaacha apigwe. Tuliwatenganisha, Mama Karanja akasema pole mpaka nikamhurumia yeye sasa.

Halafu akaniuliza kitu rahisi. Akasema, wewe unaenda kuvunja mahindi kutwa, huyu unamwacha na nani?

Kesho yake nikaenda na Mwekundu shambani.

Kwanza nilimweka kwa kikapu. Akahangaika, akaruka, akaelekea njia yake ile ile. Nikamshika. Sikuwa na la kufanya, mstari wangu unaningoja na nyapara anaangalia. Nikamfunga mgongoni kwa leso, kichwa nje, mabawa ndani.

Akatulia. Yaani palepale. Nilisikia kile kifua chake kinapiga haraka haraka kwa mgongo wangu, halafu kinapunguza, kinapunguza. Nikavunja mahindi hivyo mpaka saa ya chakula, na nilivyokuwa naimba kidogo kidogo naye anajibu kwa koo, kru, kru.

Siku ya kwanza hakula. Siku iliyofuata nilimshusha pale nilipokalia, chini ya mabua yaliyolala. Bua moja lilikuwa limeoza na ndani kuna mdudu mweupe mnene. Nikapasua. Mwekundu akamwangalia kwa jicho moja, akageuka akamwangalia kwa lile lingine, akadonoa.

Nilikaa kimya kabisa nisimshtue. Akadonoa mwingine. Kisha akaanza kuchakura mwenyewe, taratibu, kama mtu anakumbuka wimbo. Nilifurahi mpaka nikamwita Mama Karanja kutoka mstari wake aje aone.

Kutoka hapo ikawa ndiyo njia. Asubuhi mgongoni, mchana chini ya mabua, jioni mgongoni. Nikirudi nachelewa kumweka kwenye tenga, namwacha anizunguke nikipika. Akaanza kunifuata mimi sasa, kisimani, kwa kuni, hata choo. Kifua kikajaa kidogo.

Lakini taabu haiji peke yake.

Fikirieni wanawake wa laini wanachoona. Bibi arusi mgeni, tumbo bado liko flat, amefunga leso ya mtoto mgongoni na ndani kuna kuku. Walicheka kwanza. Kicheko hakina shida. Baadaye wakaacha kucheka, hapo nikaogopa. Mama Karanja ndiye alinifunulia. Wanasema huyo anafungua mgongo wake kwa kuku kabla ya mtoto, hatapata mtoto. Wengine wakasema si akili nzuri, ametumwa na wachawi.

Na wanaume wa kwetu wanaotoka Endebess kwenda likizo Bungoma, midomo yao unaijua. Kabla hata mabua hayajaisha, habari zilikuwa zimefika Mabanga kwa mama mkwe: mke wa Barasa anabeba kuku kama mtoto.

Barasa alirudi kutoka kwa maziwa na uso umefungwa. Hakunigombeza, angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu Mama akifika atakuta huyo kuku kwa sufuria, na hayo maneno yatakuwa yameisha.

Nikasema, lakini anakula sasa.

Akasema, anataga?

Hakuwa anataga.

Zile siku za mwisho mimi nilikuwa mgonjwa bila ugonjwa. Niache kumbeba? Akibaki nyumbani ataanza tena kwenda njiani. Niendelee? Nitarudishwa kwetu na jina la mwendawazimu, na mama yangu ataniuliza kuku wako wapi. Niliendelea kumbeba, lakini nilikuwa napita nyuma ya zizi kama mwizi.

Siku ikafika. Mahindi yote chini, shamba limebaki wazi unaona mpaka Mlima Elgon. Maji ya kunyonyolea yako motoni, nimeyateka mwenyewe, nimeyachochea mwenyewe. Barasa amenoa kisu na anakijaribu kwa ukucha. Mwekundu yuko miguuni pangu, hana habari.

Mama mkwe akatokea kwa njia, mjomba nyuma yake anapumua. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Sisi mama tunamwita Mayi, na yeye tangu arusi nilimwita hivyo, lakini kwa kuogopa. Kichwani alikuwa na kikapu kimefunikwa kitambaa.

Wanawake wa laini walikuwa wamejitokeza milangoni. Walijua.

Tukasalimiana. Mayi akaangalia sufuria ya maji, akaangalia kisu. Kabla hata hajakaa akasema, "Yuko wapi huyo kuku wa mgongoni?"

Nilimwinua Mwekundu nikampa. Akamgeuza, akamshika kifua, akapapasa mguu ule uliovimba, akapuliza manyoya aangalie ngozi. Kisha akaweka kikapu chake chini akatoa kitambaa.

Alikuwa Kanga.

Mimi nilidhani macho yangu yananichezea. Madoa yake yalikuwa yamefifia, amekonda, mkia nusu umekatika. Mayi akaeleza, kwa ile sauti yake kila mtu asikie. Kuku huyo tangu afike Mabanga alikuwa anasimama njiani analia. Kuku wa huko wamempiga, hali nao, halali nao. Mzee alikataa kabisa arudishwe, kwa sababu kuku wa zawadi harudishwi, ni tusi. Ndipo watu wa likizo wakaleta hadithi ya mke wa Barasa, wakicheka, na Mayi akaelewa kwamba huku Endebess kuna mwingine wa namna hiyo.

Akamgeukia Barasa. "Mimi sijarudisha kuku ya mtu. Huyu amekuja kusalimia dada yake. Na kisu peleka mahali ulikitoa."

Mjomba akauliza, na mimi je?

Akajibiwa kuna mboga ya mrenda na maziwa. Wakuu, huyo mzee alikula mrenda siku hiyo, na hilo jambo alilizungumzia kwa kila arusi na kila matanga mpaka alipokufa.

Sasa nyinyi mnangoja niseme wale kuku walikumbatiana.

Walipigana.

Tuliwaweka chini, Kanga akaja mbio na Mwekundu akamrukia kifua. Yule yule aliyeficha kichwa apigwe na kuku wa Mama Karanja. Alimfukuza Kanga kutoka mlango wetu mpaka kwa zizi. Nililia mbele ya watu wote. Nikaona kazi yote ni bure, sasa Barasa atasema nini, sasa hata sababu ya kumwacha hai imeisha.

Mayi alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia hata mimi nikirudi kwetu Kibabii leo, watanitazama kwanza kabla ya kunipa kigoda, maana nimenuka moshi wa watu wengine. Akachukua tenga langu, akaweka Kanga ndani na Mwekundu nje, mahindi akayamwaga pale pale kwenye fito za tenga. Wakala huku wameangaliana, kila mmoja upande wake. Kiza kilipoanza kuingia na kuku wanapepesa macho, alimwinua Mwekundu polepole akamweka ndani ubavuni mwa mwenzake. Hakuna aliyepiga kelele.

Asubuhi walitoka pamoja. Ila Mwekundu alitangulia, na Kanga akafuata.

Mayi aliniona ninavyowatazama. Tulikuwa wawili tu hapo jikoni, napakua ugali, na kwa mazoea nilikuwa nimemega wangu nikaurusha nje kwa kuku. Akanishika mkono. Ile leso niliyovaa kiunoni nilikuwa nimeizungusha mara nyingi sana kuliko siku ya arusi, na ni yeye peke yake aliyeona.

Akauliza, "Na wewe unakula?"

Tangu nifike Endebess hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Nilitaka kusema ndiyo Mayi, badala yake nikaweka kichwa kwa bega lake, bega la mama mkwe, kitu ambacho hakifanyiki. Hakunisukuma. Alikaa hapo ananimegea ugali kama mtoto mdogo, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaisha.

Alikaa nasi zaidi ya alivyopanga. Mjomba alirudi peke yake na njaa yake. Siku Mayi alipoondoka, alisimama katikati ya laini wanawake wote wakiwa nje, akafungua leso mpya kutoka kwa kikapu akanipa. "Hii ni ya mtoto akija. Ile ya zamani wachia kuku."

Maneno ya laini yaliisha siku hiyo. Mtoto alichukua muda wake kuja, lakini hakuna aliyethubutu kuhesabu. Mama Karanja ndiye alimpokea.

Mwekundu alitaga, nisisahau. Yai la kwanza alilitaga ndani ya ile leso ya zamani, nilikuwa nimeitandika kwenye tenga. Barasa ndiye alilikuta, akaja nalo mkononi akitembea polepole kama amebeba moto.

Kwa hivyo kijana wa uzi wa supu, sikia bibi yako. Kuku aliyefiwa usimfunge kamba. Usimtupie mgeni ndani ghafla, watenganishe kwa fito wale wakionana, halafu uwaunganishe jioni. Kabla ya kupata huyo mgeni, tembea na huyu aliyebaki, afanye kazi na wewe, acha watu wacheke. Na kwa hiyo nyumba yako angalia kama kuna mtu mwingine naye haendi mezani, maana huyo hatalia njiani umsikie.

Nimechoka vidole. Wenye kuku, wenye wakwe, hata yule wa dania, haya leteni yenu, nitasoma yote nikivaa miwani.